Tovuti Iwe ya Chama, Isiwe ya Fundi

(Hotuba kwa makatibu na watendaji wa vyama vya ushirika, asasi na shule, Morogoro)

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa viongozi wa vyama, walimu wangu, mama zangu, kaka na dada zangu, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za asubuhi.

Nimepewa mada ya kusimamisha tovuti mpya, na mratibu ameniomba nisiwachoshe kwa maneno ya kompyuta. Nitajitahidi. Ila maneno mengine hayakwepeki, na mimi naamini mtu anayeweza kusoma mizania ya SACCOS mpaka mstari wa mwisho hawezi kushindwa na neno hifadhidata.

Niwatoe hofu kwanza. Kusakinisha mfumo wa kusimamia maudhui, yaani ile programu inayokaa kwenye seva, ile kompyuta inayowaka saa zote mtandaoni, na kukuwezesha kuandika habari, kupandisha picha na kubadilisha kurasa bila kujua lugha za kompyuta, ni kazi ndogo. Watengenezaji wa WordPress, ambayo ndiyo mfano wangu wa leo, wamejisifu miaka mingi kuwa inasakinishwa kwa dakika tano, na hawadanganyi. Kwa hiyo fundi akikwambia kusakinisha peke yake kunachukua wiki mbili, mwombe akueleze wiki hizo zinakwenda wapi. Huenda zinakwenda kwenye kazi halali kabisa, kama kupanga kurasa na kuandaa picha. Lakini aeleze.

Kinachovisumbua vyama vyetu si hizo dakika tano. Nimezunguka kwenye ofisi nyingi, na karibu kila tovuti niliyoikuta imekufa ilikufa kwa sababu isiyohusiana na utaalamu: haikuwa ya chama. Ilikuwa na nembo ya chama, picha ya mwenyekiti akikata utepe, dira na dhamira, lakini kwenye karatasi ilikuwa mali ya kijana aliyeitengeneza. Kijana alipohama, nayo ikahama.

Hebu tuitazame historia ya programu yenyewe, maana inahusu jambo hilihili. Kabla ya WordPress kulikuwa na programu moja iliyoitwa b2, kazi ya Mfaransa Michel Valdrighi. Ikafika wakati akaacha kuiendeleza, na watumiaji wake wakabaki hawajui la kufanya. Kwa kuwa leseni yake, ile ya GPL, ilimruhusu mtu yeyote kuichukua, kuibadilisha na kuigawa, vijana wawili, Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza, wakaichukua na kuiendeleza, na tarehe 27 Mei 2003 wakatoa WordPress ya kwanza. Leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Mwenye kazi aliondoka, kazi ikabaki, kwa sababu haki ya kuiendeleza haikufungiwa kwa mtu mmoja. Hicho ndicho ninachotaka kwenye tovuti zenu.

Leseni hiyo ina maana nyingine mfukoni mwenu. Programu ni bure. Mnamlipa fundi kwa muda na ujuzi wake, na anastahili kulipwa vizuri, lakini hakuna anayeweza kuwauzia WordPress. Nimeiona ankara yenye kipengele cha "leseni ya WordPress kwa mwaka". Nikacheka, kisha nikasikitika, maana ilikuwa imeshalipwa.

Mtaniuliza, mbona WordPress, na si mifumo mingine ya aina hiyo, kama Joomla au Drupal? Zote ni nzuri na zote ni bure. Drupal ipo tangu 2001 na taasisi kubwa zenye wataalamu wao wanaipenda, kwa haki. Lakini chama chenye katibu mmoja na mhasibu mmoja kinahitaji mfumo ambao fundi akiondoka, mwingine anapatikana hapahapa mjini na kuendelea alipoishia mwenzake. Kwangu mimi hilo linashinda sifa nyingine zote. Hata tovuti yenye umbo la kupendeza zaidi, kama fundi anayeielewa ni mmoja tu mkoa mzima, siwashauri.

Sasa twende kwenye jina. Jina la tovuti, ambalo sisi tunaliita kikoa, halinunuliwi likawa lako milele. Linasajiliwa na kulipiwa kwa muda, kwa kawaida mwaka mmoja mmoja. Majina yetu yanayoishia .tz mnayapata kwa wasajili, yaani wauzaji wa majina ya tovuti, walioidhinishwa: biashara huchukua .co.tz, asasi zisizo za faida .or.tz, shule .sc.tz, vyuo .ac.tz. Mkisajili mnajaza fomu yenye jina la mmiliki, barua pepe na namba ya simu. Hapo ndipo pa kutulia, maana kikoa ni hati ya kiwanja. Unaweza kubomoa nyumba ukajenga nyingine, unaweza kubadilisha fundi mwashi mara tatu, lakini hati ikiandikwa jina la fundi, umejenga kwenye kiwanja cha watu.

Katibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo alinipigia simu asubuhi moja. Mama mtu mzima, hana papara. "Mwanangu, tovuti yetu imekufa. Tukiifungua inakuja karatasi ya matangazo."

"Shikamoo mama. Nani aliisajili?"

"Marahaba. Yule kijana aliyetutengenezea."

"Yuko wapi?"

"Alipata masomo nje. Namba yake haipatikani."

Tulipotazama taarifa za usajili, mmiliki aliyeandikwa alikuwa yule kijana. Barua pepe ya kupokelea taarifa ilikuwa yake binafsi, ya enzi za chuo, na bila shaka alishaacha kuifungua. Ilani za kuisha muda zilitumwa kama kawaida, zikaenda huko. Chama kilikuwa kinalipa kila mwaka kupitia mikononi mwake na risiti zilikuwa kwenye faili, zimepangwa vizuri kuliko za benki. Lakini kwa msajili chama hakikujulikana kabisa. Kijana mwenyewe hakuwa mwizi. Hakuna aliyemwambia aandike jina la chama, akaandika lake. Tulimpata kupitia shangazi yake anayeuza vitenge sokoni, akatoa ushirikiano wote, kikoa kikahamishwa. Chama kisichomjua shangazi wa fundi wake sijui kingefanyaje.

Kwa hiyo, kabla ya programu yoyote, fungueni barua pepe ya ofisi. Isiwe ya katibu, isiwe ya mwenyekiti, iwe ya cheo au ya chama. Halafu lipo jambo moja dogo ambalo hata mafundi wengi hulisahau: barua pepe mnayoiandika kwenye usajili wa kikoa isiwe inatumia kikoa hichohicho. Mkiweka barua pepe inayoishia na jina la tovuti yenu, siku kikoa kitakapoisha muda, na barua pepe hiyo itakufa pamoja nacho, na ilani ya kuwataka mlipe haitafika popote. Tumieni anwani ya huduma nyingine kwa ajili ya usajili tu. Nenosiri lake liandikwe, liingie kwenye bahasha, bahasha iingie kwenye sefu pamoja na hati nyingine za chama. Najua vijana wa kompyuta watanicheka kwa bahasha. Wacheke tu, bahasha haihitaji chaji.

Baada ya jina ni mahali pa kuweka tovuti, yaani hostingi. Sitakaa sana hapa. Muulizeni mwenye hostingi mambo machache. Je, seva yake ina toleo la karibuni la PHP, yaani lugha ya kompyuta inayoiendesha WordPress? WordPress kwa sasa inapendekeza 8.3 au zaidi, pamoja na hifadhidata, yaani ghala la maneno yote ya tovuti, ya MariaDB 10.6 au MySQL 8.0. Je, anatoa cheti cha usalama bila malipo, kile kinachofanya anwani ianze na https? Vyeti vya Let's Encrypt ni bure, vimekuwa vikidumu siku 90 na seva huvifanya upya yenyewe, kwa hiyo anayetaka kuwatoza hela nyingi kwa cheti cha tovuti ya kawaida, mkwepeni. Je, anachukua nakala ya akiba kila siku? Na akaunti ya hostingi, kama kikoa, iandikwe jina la chama.

Basi, tumefika kwenye kusakinisha kwenyewe. Njia ni mbili. Kwenye hostingi nyingi kuna paneli, mara nyingi cPanel, yenye programu kama Softaculous inayofanya kila kitu kwa kubonyeza. Njia ya pili ni ya mkono: unatengeneza hifadhidata tupu, unaipa mtumiaji na nenosiri, unapandisha mafaili ya WordPress kwenye seva, halafu unaandika jina la hifadhidata, la mtumiaji na nenosiri lake kwenye faili liitwalo wp-config.php. Ukikosea herufi moja utapata ujumbe kwamba imeshindikana kuunganishwa na hifadhidata. Nimeshaitwa mara nyingi kwa ujumbe huo. Mara nyingi nenosiri limenakiliwa kutoka WhatsApp likaja na nafasi tupu mwishoni, nafasi ambayo jicho haliioni lakini kompyuta inaihesabu.

Njia yoyote mtakayopita, mtafika kwenye fomu fupi yenye vipengele vitano. Ukijaza na kubonyeza, tovuti imezaliwa. Naomba tukae kwenye fomu hii kidogo, maana watu huijaza mbiombio kana kwamba ni kadi ya mwaliko.

Kipengele cha kwanza ni jina la tovuti. Hilo linabadilika wakati wowote, andikeni mtakalo.

Cha pili ni jina la mtumiaji, yaani la msimamizi mkuu. Hili mkishaliweka halibadiliki kutoka ndani ya mfumo. Msiandike "admin", kwa kuwa programu za wadukuzi zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana hujaribu jina hilo kwanza. Na fundi asiandike jina lake la biashara. Kuna tovuti ya shule ambayo taarifa ya kufungua muhula, iliyotakiwa kutoka kwa mkuu wa shule, ilionekana kwa wazazi imeandikwa na mtu anayejiita kwa jina la studio ya picha.

Cha tatu ni nenosiri. Mfumo wenyewe unakupendekezea refu lisilo na maana, na hilo ndilo zuri. Sisi tunalifuta tunaandika jina la chama na mwaka. Mfumo unalalamika kuwa ni dhaifu, unakuwekea kisanduku cha kuthibitisha kwamba unajua ni dhaifu na bado unalitaka. Nasi tunaweka tiki. Yaani tunatia sahihi kabisa kwamba tumekubali kuibiwa!

Cha nne ni barua pepe, na hapa narudi kulekule. Anwani hii ndiyo inayopokea taarifa za mfumo, na akaunti ya msimamizi inazaliwa nayo, kwa hiyo nenosiri likisahaulika kiungo cha kulibadilisha kinakwenda huko. Tena tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, plagini, yaani programu ndogo ya kuiongezea WordPress kazi, ikiharibika na kuiangusha tovuti yote, mfumo hutuma kwenye anwani hii kiungo maalumu cha kuingilia kwa mlango wa dharura ili uizime hiyo plagini. Kama anwani ni ya fundi aliyehama, kiungo cha kuwaokoa kinakwenda kwa mtu ambaye hata hakumbuki tovuti yenu. Iwe ile ya ofisi.

Cha tano ni kisanduku kidogo kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti hii. Wakati mnajenga, kiwekeni tiki, maana hamtaki Google iwaonyeshe watu kurasa zilizoandikwa nusu. Siku ya kuzindua, kiondoeni. Kipo baadaye kwenye mipangilio ya usomaji. Shule moja ilikaa muhula mzima ikishangaa kwa nini mzazi akiandika jina la shule, Google haioni kitu, mwalimu wa TEHAMA akaambiwa tovuti yake haina nguvu, ikanunuliwa huduma ya kuipandisha kwenye Google. Hela zikaenda. Tiki ikabaki.

Mkishaingia ndani, kabla ya kugusa rangi na nembo, nendeni kwenye mipangilio ya jumla mkaweke saa. Mfumo mara nyingi unakuja na saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Mkipanga tangazo la mkutano mkuu litoke saa kumi na mbili asubuhi, litatoka saa tatu, wajumbe wameshapanda daladala. Kwenye orodha ya majiji Dar es Salaam imo, ichagueni. Kisha nendeni kwenye mipangilio ya viungo mchague muundo unaotumia jina la habari, ili anwani ya ukurasa wa mikopo isomeke "mikopo" badala ya alama ya kuuliza na namba. Hili lifanyike siku ya kwanza. Mkija kulibadilisha baada ya mwaka, viungo vyote mlivyosambaza kwenye magrupu na vipeperushi vinaweza kukatika. Halafu futeni ile habari ya mfano ya "Hello world!" na ukurasa wa mfano unaokuja nayo. Zipo tovuti za taasisi zenye heshima zake ambazo mpaka leo habari ya kwanza ni salamu hiyo.

Kuhusu umbo la tovuti, yaani themu, kila mtu ana jicho lake, sitaingilia. Nina neno moja tu, nalo ni kali. Themu na plagini za kulipia zilizovunjwa kufuli, zinazozunguka bure kwenye magrupu ya Telegram, msizikubali hata kama fundi ni mtoto wa dada yako. Anayevunja kufuli la kitu cha kuuzwa kisha akakigawa bure anatafuta malipo mahali pengine. Ndani yake mara nyingi kuna msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, uliofichwa. Tovuti itaonekana nzima kabisa kwenu, lakini mtu akitafuta jina la shule yenu Google, atakuta chini yake matangazo ya kamari na dawa za nguvu za kiume. Kurasa hizo zinaonyeshwa kwa injini ya utafutaji na kwa mgeni anayetoka huko, ninyi mnaoandika anwani moja kwa moja hamzioni. Ndiyo maana mkuu wa shule hubisha mpaka mzazi amtumie picha ya skrini.

Plagini zinazopatikana kwenye hazina rasmi ya WordPress ni maelfu kwa maelfu, na ugonjwa wa wanaoanza ni kuzijaza. Kila plagini ni msimbo wa mtu mwingine unaoendeshwa ndani ya nyumba yenu, na kila mmoja unahitaji kusasishwa. Chama cha kawaida kinahitaji ya fomu ya mawasiliano, ya nakala za akiba, ya ulinzi, pengine na ya kuongeza kasi. Msiyoitumia msiizime tu, ifuteni. Masasisho madogo ya usalama ya WordPress yenyewe yanajisakinisha tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, na tangu 5.5 la mwaka 2020 mnaweza kuruhusu plagini nazo zijisasishe. Ruhusuni. Najua kuna mafundi wanaosema masasisho yanavunja tovuti, na kuna siku kweli yanavunja. Lakini tovuti nilizoziona zimedukuliwa hazikudukuliwa kwa kusasishwa mapema.

Sasa picha. Hapa nitasema kwa uchungu, maana wanaoumia ni wanachama wenu. Simu janja ya siku hizi inapiga picha ya megabaiti nne, tano. Katibu anarudi kutoka kwenye mkutano mkuu na picha kumi na mbili, anazipandisha zote kama zilivyo. Zikibaki hivyo, ukurasa mmoja una megabaiti sitini. Mwanachama yuko Kilosa, kanunua bando la siku, anafungua ukurasa aone riba ya mkopo wa dharura, na kabla hajaiona riba, bando limekwisha kwa picha za watu wamekaa kwenye viti vya plastiki.

WordPress inajitahidi kuwasaidia. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, picha inayozidi pikseli 2,560, yaani vile vitone vinavyoiunda, kwa upande mrefu inapunguzwa, na kila picha inatengenezewa nakala ndogondogo za vipimo mbalimbali ili simu ipewe inayoitosha. Lakini hiyo ya pikseli 2,560 bado ni kubwa kwa bando la watu, na picha ya asili yenyewe haifutwi, inabaki kwenye seva inakula nafasi mnayoilipia. Punguzeni picha kabla ya kuipandisha. Upana wa pikseli 1,600 unatosha kabisa kwa tovuti ya chama, na programu za kupunguza zipo bure hata kwenye simu. Na katika zile kumi na mbili, chagueni mbili. Mgeni rasmi anatosha kuonekana mara moja.

Msiandike fomu ya mikopo kama picha iliyoskaniwa, tafadhali. Andikeni maneno. Picha ya maneno haitafutiki, haikuzwi vizuri kwenye simu, na asiyeona vizuri anayesomewa na simu yake haipati.

Kuhusu watumiaji. Mfumo una ngazi tano, kutoka msimamizi mkuu mpaka msajiliwa wa kawaida. Katibu anayeandika habari kila wiki hahitaji usimamizi mkuu, ngazi ya mhariri inamtosha. Akibonyeza vibaya ataharibu habari moja, hataangusha tovuti. Usimamizi mkuu uwe kwa akaunti ya ofisi na ya fundi, basi. Kila mtu aingie kwa jina lake, msichangie akaunti moja watu watano, kwa sababu siku likitokea jambo hamtajua nani alifanya nini, na ninyi watu wa vyama mnajua vizuri zaidi yangu jinsi mashaka yanavyoharibu ofisi.

Mtu akiondoka kazini, akaunti yake iondolewe siku hiyohiyo. Mkibonyeza kumfuta, kama ameandika chochote, mfumo utawauliza: kazi alizoandika zifutwe, au zihamishiwe kwa mtumiaji mwingine? Someni swali hilo mara mbili. Kuna asasi ilimfuta ofisa habari wake, mtu akachagua kufuta vyote, na habari zote za miaka aliyofanya kazi zikaondoka pamoja naye, ripoti za miradi zikiwemo. Mfadhili ndiye aliyegundua, kwa kubonyeza kiungo kilichokuwa kwenye ripoti ya mwaka.

Hapo ndipo watu hukumbuka nakala za akiba. Tovuti ya WordPress ina sehemu mbili. Kuna mafaili, yaani picha, themu na plagini, na kuna hifadhidata, ambamo maneno yote yamo. Nakala yenye sehemu moja tu haiwafai. Na isikae kwenye seva ileile, seva ikiungua vyote vinaungua. Ishusheni kwenye diski ya nje ya ofisi au kwenye hifadhi ya mtandaoni iliyo kwa jina la chama. Kisha mwambieni fundi airejeshe mahali pa majaribio mbele yenu, muone kurasa zinafunguka na picha zimo. Akisema haina haja, basi ndiyo kwanza ina haja.

Dakika zinanikimbia, mwenyekiti ananitazama. Niseme kidogo kuhusu sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Orodha ya wadaiwa sugu yenye majina, namba za simu na kiasi wanachodaiwa haina nafasi kwenye tovuti ya chama, hata kama kamati ya mikopo ina hasira kiasi gani. Picha za wanafunzi zenye majina kamili na darasa, fikirini mara mbili, ombeni ridhaa ya wazazi. Na fomu zenu za mtandaoni zisiulize msichokihitaji. Namba ya NIDA ya mtu anayetaka kujua tu saa za ofisi ni ya nini?

Nimalizie na makubaliano na fundi, maana haya yote yanasimama au kuanguka hapo. Mengi niliyoyaona ni ya mdomo, au ni ankara ya mstari mmoja: kutengeneza tovuti, kiasi fulani. Andikeni kwamba kikoa na hostingi vitasajiliwa kwa jina la chama na kulipwa na chama moja kwa moja. Andikeni kwamba themu na plagini za kulipia zitanunuliwa kihalali kwa jina la chama. Andikeni kwamba malipo ya mwisho yatatolewa siku ya makabidhiano, na siku hiyo fundi atakaa na katibu kwenye kompyuta ya ofisi, katibu aingie mwenyewe kwa kila akaunti, abadilishe manenosiri yote fundi akiwa pembeni. Fundi mwaminifu atafurahi, kwa sababu na yeye anapumzika: tovuti ikidukuliwa mwakani hakuna atakayesema ni yeye aliyebaki na nenosiri. Kama mnataka aendelee kuitunza, mpeni mkataba wa matunzo na mumlipe kila mwezi au kila robo mwaka. Kazi ya kusasisha na kukagua nakala ni kazi, haifanywi kwa "tutakukumbuka".

Baada ya chai tutaingia kwenye maabara. Wale ambao bado hawana tovuti tutaijaza pamoja ile fomu ya vipengele vitano kwenye seva ya mazoezi. Wale ambao tayari wanayo, naomba muanze na kitu kimoja: fungueni ukurasa wa kutafuta taarifa za usajili, andikeni kikoa chenu, mtazame jina la mmiliki na tarehe ya kuisha muda. Wasajili wengine huficha taarifa hizo, ukikuta zimefichwa tutampigia msajili simu tukiwa hapahapa. Atakayekuta jina asilolijua, au la mtu aliyeshaondoka, aninyooshee mkono, tutaandika barua ya kuomba kuhamishiwa umiliki leoleo, mihuri najua mmekuja nayo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.